Mlango Wenye Mikono

Asubuhi ile Luzviminda alikaa kizingitini akimenya kwa ujira gunia la kwanza la vitunguu saumu, taya lake la kushoto limefura kama andazi. Maji ya vitunguu yaliingia katika nyufa za vidole vyake, naye hakuhisi kitu. Miaka minane ya kuishi na Crisanto ilikuwa imeufundisha mwili wake kunyamaza.

"Umejigonga mlangoni tena?" aliuliza Aling Pacing, jirani wa ukuta mmoja, akijivutia beseni. "Mlango wenu huo una mikono, mwenzangu."

Wanawake wa uchochoroni wakacheka. Luzviminda naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuwalaumu. Kuta za mtaa wao wa Tondo ni mbao nyembamba na mabati. Kila mtu husikia kikohozi cha mwenzake. Crisanto alipoanza, majirani waliongeza sauti ya karaoke na mmoja wao akaimba kwa nguvu. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu yao, kumsitiri mwenzao. Hata yeye aliwahi kuimba hivyo, enzi za uhai wa mume wa Aling Pacing.

Kabla ya adhuhuri Crisanto alirudi kutoka bandarini. Hakukuwa na meli ya kupakua. Alipita katikati ya wanawake bila salamu, nao wakaanza kukusanya mabeseni yao. Luzviminda akamfuata ndani, akampakulia wali na samaki mkavu. Binti yao Jovelyn, mwenye miaka saba, alikuwa sakafuni akiandika kazi ya shule.

"Samaki huyu si wa jana?"

"Ni wa jana. Leo sikuwahi—"

"Nimekuuliza hukuwahi nini?"

Crisanto akaiweka sahani chini, polepole. Luzviminda aliujua upole huo. Akachomoa kibanio nywelini kisije kikamchoma, akasubiri kama mtu anayesubiri zamu yake ya maji bombani.

Jovelyn akafunga daftari. Akainuka, akaenda kwenye rafu, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho. Kisha akarudi mahali pake na kulifungua daftari upya. Usoni hapakuwa na woga wala machozi. Alikuwa kama mtu aliyefunga dirisha kwa sababu mvua imeanza.

Tangazo la sabuni likajaa chumba kizima. Hata Crisanto aliduwaa.

"Jovelyn," alisema Luzviminda, "vaa ndala."

"Mnakwenda wapi?"

"Dukani. Siki imekwisha."

"Siki inafuatwa na watu wawili?"

"Atabeba chupa."

Hakujua sauti hiyo tulivu aliitoa wapi. Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Nyuma yao redio ilizimwa, lakini hatua hazikuwafuata.

"Luz, duka umelipita," aliita Aling Pacing.

"Najua."

Mama yule alimkazia macho. Akajifuta mikono kwenye sketi yake. "Ngoja nivae viatu," akasema.

Wakatembea watatu hadi ofisi ya mtaa. Njiani Jovelyn aliuliza, "Mama, na siki je?" naye Luzviminda akaongeza mwendo.

Karani aliwapeleka chumba cha pili, kwa muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aling Pacing akabaki nje na mtoto. Muuguzi akachukua fomu.

"Inauma wapi, dada?"

"Haiumi."

Hakuwa anadanganya. Alijichunguza moyoni, kiungo kwa kiungo, akakuta kote kumetulia tuli. Alitaka hata kuomba radhi kwa kumpotezea mama wa watu muda.

Muuguzi hakuandika kitu. Akaiweka kalamu, akapitisha kiganja chake taratibu begani, mgongoni, kisha chini ya kwapa, akabonyeza kidogo.

Luzviminda akashtuka. Pumzi ilimkatika; maumivu yakapanda mpaka kooni, mabichi, kana kwamba ndiyo kwanza anapigwa.

"Hapa?"

"Hapo," akasema. "Hapo, dada."

"Na wapi pengine?"

Akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake.