Jicho la Pili

Siku bosi aliposema lifti ya kiwanda cha chokaa itachorwa na Shemeji, aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Fundi Mnyororo. Alimpa mkewe mkono mbele za watu, akamwambia, "Hongera sana, Mama Watoto!" Meno nje yote. Kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akakaa humo mpaka mtu akaja kugonga.

Msimcheke. Au basi mchekeni kidogo, lakini mnisikilize kwanza.

Shemeji alikuwa mke wake wa ndoa. Karakana nzima ilimwita hivyo kwa sababu alikuja pale akiwa tayari mke wa fundi. Alianzia kwenye kuchomelea ndoo, uso ndani ya ngao, mikono imejaa alama za cheche. Mumewe ndiye aliyemsogeza kwenye meza ya kuchorea. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika rula, namna ya kupiga hesabu ya uzito wa mnyororo. Alimfundisha kwa mapenzi, tena akijisifu kwa watu, "Huyu mwanamke kichwa chake chepesi, jamani." Hakujua anajitengenezea mwiba wa kumchoma mwenyewe.

Karakana hiyo ilikuwa inatengeneza lifti za ndoo. Kwa asiyezijua, ni hivi: unasimamisha bomba la bati refu kama ghorofa, ndani yake unazungusha mnyororo, na kwenye mnyororo unafunga ndoo za chuma. Ndoo zinachota mzigo chini, nafaka au saruji au kokoto, zinapanda nao, zikifika juu zinapinduka kwenye gurudumu la meno na kumwaga. Kisha zinashuka tupu kwenda kuchota tena. Basi. Hata mtoto anaweza kukueleza. Kuichora isikuaibishe ndiyo shughuli, na kwa shughuli hiyo Fundi Mnyororo hakuwa na mpinzani, mpaka mpinzani alipopatikana nyumbani kwake, upande wa pili wa kitanda.

Lifti zake yeye zilikuwa za kurusha. Ndoo zimeachana mbalimbali, mnyororo unakimbia, zikifika juu zinautupa mzigo nje kwa kasi. Kwa mahindi na ngano, hakuna kama hizo. Lakini mawe ya chokaa ni kitu kingine. Jiwe la ukubwa wa ngumi ukilirusha linagonga bati, linapasuka, linakunja ndoo. Mbili alizowajengea watu wa chokaa zilikuwa zimetapika ndoo kama mlevi, na wenye kiwanda walimpigia bosi simu za matusi. Ndiyo maana bosi alitaka mkono mwingine. Fundi Mnyororo alilijua hilo, na kulijua ndiko kulikomuuma zaidi.

Nyumbani mambo yakawa mabaya. Mkewe alitandaza karatasi kwenye meza ya kulia, watoto wakala wakiwa wamepakata sahani.

"Baba," binti yake mdogo aliuliza, "siku hizi mama anachora kuliko wewe?"

"Kula," alisema baba.

"Lakini mwalimu alisema anayefanya kazi nyingi ndiye anayejua zaidi."

"Nimesema kula!"

Mkewe aliinua uso kwenye karatasi, akamtazama mumewe, akarudi kwenye rula yake. Na yule bwana, badala ya kushukuru kunyamaziwa, akaona amedharauliwa. Ndivyo alivyokuwa siku zile: akisifiwa mkewe yeye anaumia, akinyamaza mkewe anaumia, na usiku akimsikia anakoroma kwa amani anaumia vilevile.

Sasa, karakana hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Anayechora lifti hachori kizuizi. Kizuizi ni kile kifaa kinachokaa kwenye shafti ya juu, ule mhimili wa gurudumu la meno, kinauruhusu mnyororo kwenda mbele tu. Umeme ukikatika huku ndoo za upande mmoja zimejaa mawe na za upande wa pili ni tupu, ule uzito wote unataka kurudi chini, na kizuizi ndicho kinachosema hapana. Mchoraji anaacha nafasi yake wazi. Mchoro anapewa mtu mwingine, anaitwa jicho la pili. Huyo anapiga hesabu ya mzigo upya, kuanzia mwanzo, na kukichora kizuizi kwa mkono wake. Hivyo hakuna mtu anayeweza kutupia mchoro jicho moja na kusema ameukagua. Akishamaliza anaupeleka kwa mafundi wa kuunga, na mchoraji haugusi tena. Utaratibu huo, mkitaka kujua, aliuleta Fundi Mnyororo mwenyewe, na alikuwa akijivunia.

Mkewe alipomaliza, alimletea yeye.

"Baba Watoto, uwe jicho langu la pili."

"Mimi?" Alishtuka. "Si wapo wengine?"

"Wapo. Nakutaka wewe. Uichambue kweli, usinionee haya."

Alipoondoka, Fundi Mnyororo aliivuta taa karibu, akakunjua karatasi ya juu. Hakuanza na mzigo, wala shafti. Alikwenda moja kwa moja kutafuta kosa, kama mtu anayetafuta nywele kwenye sahani ya mama mkwe. Na akalipata! Mwendo wa mnyororo. Mdogo mno! Mnyororo unajikokota. Kwa mwendo ule ndoo zikifika juu haziwezi kurusha kitu; mawe yatamwagika kwenye bomba lilelile yalikotoka, yatarudi chini yote, kelele tupu na chokaa hakuna.

Aliifunga karatasi hapohapo. Angekunjua karatasi ya pili angeona umbo la ndoo zenyewe, angeona namna zilivyopangwa zimebanana, angeelewa. Hakukunjua. Ya nini, na alichokitaka amekipata? Aliuchukua mchoro, akaupeleka kwa mafundi wa kuunga akipiga mluzi, na jioni mkewe alipomuuliza alimjibu, "Iko sawa. Safi kabisa."

"Kweli? Hata mwendo?"

Hapo, jamani, hapo alipewa mlango wazi. Mwanamke mwenyewe ameuliza mwendo.

"Hata mwendo," alisema, akaendelea kula.

Mkewe alipumua. Alimshika bega, akamwambia, "Ahsante. Sasa nitalala."

Wiki za kuunga mashine zilipita, na Fundi Mnyororo alinawiri. Alianza hata kuwatania watu. Alimwita Cheche, mchomeleaji mkuu, rafiki yake wa siku nyingi.

"Siku ya majaribio usikose. Ukiweza njoo na kiti."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo tu."

Cheche alimkazia macho. "Unanitisha, bwana. Huyo ni mkeo, au umesahau?"

"Nani kasahau? Nimesema njoo na kiti, basi."

Siku ikafika. Kiwanda cha chokaa, vumbi jeupe kila mahali, mpaka kope za watu zilikuwa nyeupe. Bosi yupo, wenye kiwanda wapo, mafundi wamejipanga. Mashine imesimama wima, mpya, inang'aa. Shemeji alikuwa chini, karibu na kidirisha cha kuchungulia, amevaa glovu na kofia ya chuma. Fundi Mnyororo alijitafutia nafasi nzuri pembeni, mikono nyuma, na uso aliokwisha kuuandaa: uso wa kusikitika.

Wakawasha. Mnyororo ukaanza kupanda polepole. Mawe yakamiminwa, ndoo zikachota. Alihesabu kichwani: sasa zinafika juu, sasa, sasa zitamwaga vibaya.

Mawe yalitoka kwenye mdomo wa juu kwa utulivu, yakateremka kwenye mfereji kama watoto wanaotoka darasani kwa mstari. Hakuna lililopasuka. Hakuna lililorudi. Ndoo zilikuwa zimebanana, na kila iliyopinduka ilimwaga mzigo wake juu ya mgongo wa ile iliyotangulia, na mgongo ule ulikuwa umeundwa kama mlizamu wenye kingo mbili, ukayapeleka mawe nje taratibu. Haikuwa lifti ya kurusha. Haikuhitaji mwendo mkubwa. Mwanamke alikuwa amefikiria kitu ambacho mumewe kwa miaka yote hakukihangaikia.

Watu wakapiga makofi. Mwenye kiwanda akampa Shemeji mkono, vumbi na yote. Fundi Mnyororo hakumpenda mkewe dakika ile. Tuseme ukweli tu, alimchukia, alichukia kofia yake ya chuma na namna alivyokuwa akijifuta jasho kwa kiwiko. Uso wa kusikitika haukuhitaji kuandaliwa tena.

"Izimeni," bosi alisema, "tuone inavyosimama na mzigo."

Wakazima. Mnyororo ukapunguza mwendo, ukasimama. Kimya. Shemeji akafungua kidirisha, akaingiza mkono kuchukua jiwe, aone kama limepasuka.

Fundi Mnyororo alikuwa amekodoa macho kileleni, hana hamu ya kumtazama mkewe. Ndipo akaona gurudumu la juu linatikisika. Kidogo tu, kwa nyuma. Zile ndoo zimejaa upande mmoja. Kizuizi! Kizuizi nani alikichora? Hesabu ya mzigo nani aliipiga?

"Toa mkono!" alipiga ukelele uliomkwaruza koo. "Mama Watoto, toa mkono!"

Aliutoa. Hakuuliza, aliutoa papo hapo, na mnyororo ukarudi nyuma kwa kishindo. Ndoo zilishuka zikifukuzana, mawe yakafyatuka kidirishani, bati la chini likapasuka, na mnyororo ukaruka kwenye meno yake ukalala chini kama lundo la vyuma chakavu. Watu walitawanyika. Vumbi lilipotulia, Shemeji alikuwa amekaa chini mbali kidogo. Ukingo wa ndoo ulikuwa umeondoka na glovu yake ya kulia, na ngozi kidogo ya vidole. Vidole vyenyewe vilikuwepo vyote.

Bosi alilisogelea lile lundo. "Kizuizi kiko wapi?"

Cheche akapanda juu, akafungua kasha la shafti ya juu, akachungulia. "Hakimo! Sisi tumefunga kilichochorwa, bosi. Hakikuchorwa!"

"Nani alikuwa jicho la pili?"

Shemeji alikaa palepale akifunga vidole kwa kitambaa, akasubiri.

"Mimi," alisema Fundi Mnyororo.

"Wewe?" Bosi hakuamini. "Wewe uliyetuwekea utaratibu huu?"

"Nilisahau."

Bosi alishusha pumzi. Alimwangalia, akaangalia lile lundo la mnyororo. "Haya. Binadamu tunasahau. Tushukuru hakuna aliyekufa." Na ingeishia hapo. Alikuwa ameponyoka, angepewa lawama kidogo na mambo yangesahaulika.

"Hukusahau tu," alisema mkewe. Alinyanyuka. Hakupandisha sauti. "Wewe kizuizi hukisahau hata ukiwa na homa. Kuna kitu ulikiona kikakusahaulisha. Uliona nini?"

"Mama Watoto, tutaongea nyumbani."

"Uliona nini?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Alitafuta uongo, akaukosa.

"Niliona mwendo mdogo. Nikajua mawe yatarudi."

"Nikakuuliza mwendo."

"Uliniuliza."

"Ukasema iko sawa."

Fundi Mnyororo alitazama viatu vyake.

"Unajua kwa nini nilikupa wewe?" alisema mkewe. "Cheche aliniambia nimpe mtu mwingine. Aliniambia, Shemeji, huyo bwana ana kijicho na wewe, kila mtu anakiona. Nikamwambia, na mimi ninakiona. Nimelala nacho miezi yote hii. Ndiyo maana nikakupa. Nikasema huyu ataitafuta kasoro mpaka aipate, na akiipata ataniletea mbio mbio, anicheke, anisimange mbele ya watoto. Sawa, anisimange. Lakini mashine itakuwa salama. Niliutegemea wivu wako, Baba Watoto. Sikujua hata huo utaninyima."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Nakujua, na mimi najijua, nitakusamehe. Nipe muda." Alimgeukia bosi. "Nitairekebisha mwenyewe, bosi. Jicho la pili nitafutie mtu. Hata asiyejua kitu, nitamfundisha."

Bosi aliitikia kwa kichwa. Mafundi walianza kuuinua mnyororo, Cheche akiwa mbele, wakihesabu pamoja ili wanyanyue kwa nguvu moja. Mtu alileta maji na dawa ya vidole. Mtu mwingine alikwenda kutafuta bati la kubadilisha lililopasuka. Fundi Mnyororo alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasogea. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia ashike wapi.