Mandazi ya Leta

Thacienne hakuwa na karte ya kumtambulisha. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, hakuwa na shamba, hakuwa na shemeji katika ofisi yoyote. Meza ya kuuzia hakuwa nayo. Aliuza akiwa amepiga magoti. Mume alikuwa naye, lakini si karibu: alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Itebero, na kwa miaka miwili habari aliyotuma ilikuwa neno moja, "Bado." Wala ndugu wa kumsemea hakuwa naye, kwa sababu alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akimfuata mume wake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alichokuwa nacho ni mbabula moja, jiko la makaa, karai la mafuta, na mikono inayojua unga. Wabebaji wa mawese kutoka Ntoto, waliofika na mzigo mgongoni na mkanda kwenye paji la uso, hawakutua mzigo kabla ya kula mandazi yake matatu.

Soko letu liko pale ambapo vilima vya Masisi vinaanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale. Mimi huuza kalamu, madaftari na bahasha. Tena ni katibu wa wauzaji, kwa kuwa nilisoma usiku parokiani nikiwa tayari baba wa watoto watano, na mwandiko wangu haumsumbui msomaji.

Kila siku ya soko Eugène, mtoza kodi wetu, hupita kwa kila muuzaji. Unalipa, naye anakukatia jetoni, karatasi ndogo yenye jina lako na namba ya karte yako. Siku ya kwanza Thacienne alimnyooshea pesa.

"Karte, mama?"

"Siko nayo, papa."

"Basi jetoni siwezi kuandika. Na bila jetoni siwezi kupokea makuta. Sheria iko sheria."

Thacienne akazifunga pesa zake tena kwenye pindo la kitenge. Lakini Eugène hakuondoka. Alikuwa analitazama karai.

"Ila Leta nayo haiwezi kutoka hapa mikono mitupu," alisema. Leta ndivyo tunavyoiita serikali. Akachukua andazi moja. "Hii ya chefferie, kwa chifu." Akachukua la pili. "Hii ya provensi." Akafikiri kidogo. "Na Kinshasa iko mbali. Inaomba mbili."

Tangu hapo Leta ilikula kila siku ya soko. Mara moja tu, mandazi yalipokuwa machache, Thacienne alikataa. Eugène akamwambia azime moto arudi kwao. Thacienne akatoa.

Kisha mvua zikaja na hasira. Mfereji wa soko ukaziba, na paa la banda likavuja hadi magunia ya chumvi ya Mama Kavira yakaanza kulia machozi. Mama Kavira ni mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mwenye duka na pikipiki tatu za mizigo, na mdomo usiohitaji kipaza sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Régine, mkuu wa soko, na Ijumaa soko lilipokwisha tukaitwa sote chini ya lile paa.

"Mi nalipa patanti ya duka," Kavira alianza, "nalipa jetoni, nalipa kila pikipiki. Na huyu wa bila karte analipa nini? Moshi! Njo maana hatuna bati. Asiyelipa atoke, mahali yake apewe mwenye kulipa."

Watu wakaitikia. Haikuwa chuki, maji yalikuwa yanatudondokea shingoni, na mtu mwenye shingo iliyolowa hutafuta wa kumlaumu. Lakini nilimwona Thacienne akiishika mbabula yake kwa mikono miwili, ingawa ilikuwa bado na moto. Watoto wake wawili walikula kutokana na kile kipande cha ardhi, na kingine hakuwa nacho.

"Mama Thacienne," Régine aliuliza, "unalipa ao haulipi?"

"Nalipa, mama. Kila soko."

"Jetoni iko wapi?"

Thacienne alipangusa mikono kwenye kitenge chake, akasimama. "Jetoni zangu zote ziko mu tumbo ya Papa Eugène."

Banda zima lililipuka kwa kicheko. Eugène aliinua macho kwenye paa, kama mtu anayechunguza matundu. Sisi tuliangalia mkanda wake, uliokuwa umeongezewa kamba, tukakumbuka kwamba alikuja kwetu mwembamba kama mti wa kupandishia maharage.

"Ile ilikuwa zawadi," alisema.

"Zawadi mutu anatoa akipenda. Ile siku nilikatala, uliniambia nizime moto. Na Kinshasa? Kinshasa nayo nilikuwa naipa zawadi?"

"Kinshasa gani?" Régine alishangaa.

Thacienne akaeleza: moja ya chefferie, moja ya provensi, mbili za Kinshasa kwa sababu ya umbali. Mzee mmoja aliyeuza tumbaku alicheka hadi akashikwa na kikohozi.

Kavira peke yake hakucheka. Midomo yake ilikuwa inapiga hesabu. Kisha akaruka. "Eeh! Mandazi ine? Ile ni mara mbili ya jetoni yangu! Huyu mama analipa kunipita, mimi mwenye duka! Nasema mugeni anakula kodi yetu, kumbe kodi ya mugeni njo inakuliwa!"

"Hata hivyo bati hatuna," alisema wa tumbaku. "Alilipa, lakini haikufika."

Hapo alisema kweli. Nikakumbusha kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Huyu jembe alipewa siku ya kwanza, papa," Kavira alinijibu. "Mavuno njo yalikuliwa na mwingine."

Régine alimgeukia Thacienne, akamuuliza anataka nini.

"Sitaki musamaha," alisema Thacienne. "Nataka kulipa makuta kama wenzangu. Na nataka jetoni yenye jina yangu."

"Lakini kuna mustari ya namba ya karte," Eugène alilalamika. "Pale nitaandika nini?"

Régine alifikiri. "Andika: Tunamujua."

Tulicheka tena, kisha tukaona hatanii. Thacienne akafungua pindo, akalipa. Eugène akaandika kwenye goti lake, na Thacienne akaniletea karatasi ile nimsomee. Nikasoma kwa sauti: "Thacienne. Tunamujua." Akaomba nirudie.

Régine aliamua mengine mawili. Eugène, kwenye salongo ya Jumamosi, ile kazi yetu ya pamoja, angezibua mfereji wote peke yake. Na mimi niiandikie ofisi ya Masisi, iruhusu jetoni za namna ile, pesa zipate kufika, na itueleze Thacienne afuate njia gani apate karte ya mkaaji.

Jumamosi Eugène alichimba, na Kavira akamwonyesha pa kuanzia, yaani mbele ya duka lake. Mimi niliandika kurasa mbili bila kufuta neno. Kavira alikuwa wa kwanza kutia sahihi.

Jumatatu asubuhi ikatokea shida ya mwisho: unyevu ulikuwa umelamba gundi yote ya bahasha zangu. Thacienne alichovya kidole katika unga wake mbichi, akaupaka ukingoni, akabana kwa kiganja. Bahasha ikashika, haikuachia tena.

Mwenye kwenda Masisi siku hiyo alikuwa Eugène mwenyewe, kupeleka makusanyo, nyuma ya pikipiki ya Kavira. Nilimkabidhi barua. Aliipokea, ikinukia unga, akaisogeza puani bila kukusudia.

"Papa Eugène!" Thacienne aliita kutoka kwenye karai. "Usiikule mu njia!"

Eugène alicheka kuliko sisi sote. Akaisukuma barua mfukoni, akanunua mandazi mawili ya safari, akalipa, akapanda. Pikipiki ikakwea kilima kuelekea Masisi.