Mkeka Usiogeuka

"Soma tena," Shigeo alisema, sindano yake imesimama kwenye upindo wa tatami, mkeka mnene wa sakafu aliokuwa akiushona. "Polepole, Wakili."

Wakili Onodera alishika riwaya ya upelelezi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika ungamo la Katsumi, mdogo wake Shigeo, aliyefungwa maisha kwa kumuua mjane muuza mchele. Riwaya ilitoka mwaka mmoja kabla ya mauaji. Humo, muuaji anaficha mundu chini ya tatami, kisha anaugeuza mkeka, kichwani kuwe miguuni, ili doa la damu liende ukutani. Ungamo lilisema vivyo hivyo.

"Mwendesha mashtaka anasema yamefanana kwa bahati tu. Nahitaji kitu kingine ili kesi ifunguliwe upya."

"Haugeuki."

"Nini?"

"Mkeka. Hakuna chumba chenye pembe sawasawa. Kila mkeka naukatia mahali pake. Ukiugeuza, huku unabinuka, huku unaacha mwanya wa kupita panya. Mwandishi huyu hajainua tatami maishani mwake. Na polisi aliyeandika ungamo, vivyo hivyo. Lakini Katsumi? Mikeka ya yule mjane tuliikata wawili, papa hapa."

Wakili alimkazia macho. "Mzee, miaka kumi na tisa. Mbona hukusema?"

"Sikulisoma ungamo hilo." Shigeo akachomoa sindano. "Niliona haya. Nilijiambia mtu hafukui uchafu wa nduguye. Mjinga mimi."

Jumatatu Shigeo alipanda treni kwenda gerezani. Katsumi alitokea nyuma ya kioo, mvi tupu, meno ya mbele hana.

"Kaka, umekonda kama jogoo wa mganga."

"Na wewe je, bibi harusi? Nisikilize. Nani alisema mkeka uligeuzwa?"

Katsumi alicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Inspekta. Siku ya ishirini na moja ya mahojiano, sijalala. Alilitamka hilo yeye, mimi nikatia saini. Ningeweza kumsahihisha." Akakisogelea kioo. "Nilimwacha makusudi. Nikasema moyoni, mwache aandike. Kaka akiusoma mstari huo tu, atajua si mimi."

Shigeo aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ndiyo kwanza umelisoma," Katsumi alisema taratibu. "Haya. Vizuri."

Zilibaki dakika kumi za kuonana. Uani wafungwa walikuwa wakiondoa theluji, na makoleo yao yalikwaruza saruji, yakanyamaza, yakakwaruza tena.