Mawenzi Upande wa Kushoto

Chama cha Wapenda Picha za Ndege na Safari cha Moshi kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, mmoja wao mwenyekiti wa kudumu, na katiba nene kuliko albamu zao zote zikipangwa pamoja. Walikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika chumba cha nyuma cha gesti moja mjini. Utaratibu wao haukubadilika. Albamu ilianzia kwa mwenyekiti, ikapita mkono kwa mkono kuizunguka meza, na mwenye picha alisimama kuielezea hadi imrudie. Picha yenye ukubwa wa kiganja iliweza hivyo kubeba maelezo ya nusu saa. Wapo waliopiga picha ili wapate cha kusimulia, na wapo waliosimulia hata walichokuwa hawajapiga.

Salvina, naye mwanachama, alikaa karibu na mlango, mahali ambapo albamu ilifika mwisho, ikiwa na alama za vidole vya watu wote. Alikuwa binti wa Mwika mwenye miaka ishirini na minne. Alikuwa amemaliza chuo, akakosa kazi aliyoisomea, na akaajiriwa na Bwana Shakiru kwenye studio yenye mashine ya kusafisha picha za rangi. Mashine hiyo ililetwa kutoka Dubai, kama vitu vingi vya miaka ile ya tisini, na ilikuwa ndiyo iliyowafanya watu wa Moshi wagundue kwamba wanapenda ndege. Zamani mtu alipiga picha ya harusi na ya kitambulisho. Sasa kila aliyekuwa na kamera shingoni alitembea ameinua macho juu ya miti, akijikwaa.

Mikanda ya karibu chama kizima ilipita mikononi mwa Salvina. Siku ya kwanza ya kazi Bwana Shakiru alimwambia kwamba mkanda wa mteja ni kama faili la mgonjwa pale hospitali ya Mawenzi: ukiona, hujaona. Salvina akaona, na hakuona. Aliona kwamba simba wa Mama Gladys, yule aliyewatetemesha wanachama wiki nzima, alikuwa na tundu la msumari juu ya kichwa, pale kalenda ilipotundikwa ukutani. Kwenye picha yenyewe Mama Gladys alikuwa ameomba tundu likatwe. Aliona pia kwamba mapambazuko ya Serengeti ya Mwalimu Yoramu yalifuatiwa, kwenye mkanda huohuo, na picha nne za mwalimu akinywa supu stendi ya Himo, chini ya anga ileile. Salvina alinyamaza. Kunyamaza hakukumpa shida, kwa kuwa hata alipotaka kusema sauti yake ilichelewa kutoka, na mazungumzo yakawa yamekwisha pita.

Siku moja mwezi wa saba Mzee Aristides, mwenyekiti, alileta mkanda wa picha thelathini na sita. Thelathini na tano zilikuwa za kipaimara cha mtoto wa kaka yake kule Kibosho: watoto wenye soksi nyeupe, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kabla ya kukatwa, ndafu baada ya kukatwa. Ya mwisho ilikuwa ya hondohondo. Ndege huyo mkubwa, mdomo kama kibuyu kilichopasuliwa, alikuwa ametua kwenye tawi la mringaringa, na nyuma yake mlima ulikuwa wazi bila wingu. Ilikuwa picha nzuri kweli, na Salvina alifurahi kwa niaba yake.

Ila siku hiyo umeme ulikatika mara tatu. Uliporudi mara ya tatu foleni ilikuwa imefika barabarani, na katika haraka hiyo Salvina alikipachika kipande cha mwisho cha mkanda kinyume, mgongo mbele, na kushoto kwa picha kukawa kulia. Aligundua jioni, picha zikiwa zimeshachukuliwa. Usiku kucha alijipanga namna ya kuomba radhi.

Kosa lenyewe kwingine duniani lisingeonekana. Hondohondo akigeuzwa ni hondohondo. Lakini mlima ule haugeuzwi hivihivi. Ukiwa Moshi, Kibosho, Mwika, popote upande wetu, kati ya vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Mtoto wa chekechea akiuchora kwa mkaa anauchora hivyo. Ili uione Mawenzi kushoto, sharti uuzunguke mlima wote, uvuke mpaka, ukasimame kwenye vumbi la Amboseli nchini Kenya.

Jumamosi ilipofika, albamu ya mwenyekiti ilizunguka, na Mzee Aristides alikuwa ameshaanza kusema kwamba picha hii aliipiga tu, kwa bahati. Mwalimu Yoramu, aliyefundisha jiografia sekondari, akaisogeza dirishani.

"Mzee, Mawenzi iko kushoto hapa. Ulivuka?"

Mzee Aristides akapokea albamu, akatazama. Salvina aliona jinsi macho yake yalivyotoka Kibo, yakaenda Mawenzi, yakarudi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akanywa chai.

"Naam," akasema. "Nilivuka."

Hapo ndipo Salvina alipotakiwa kusema. Alifungua mdomo, na Mama Gladys akawa ameshauliza kama kulikuwa na tembo. Kulikuwa na tembo, ila walikuwa nyuma yake, ndiyo maana hawakuonekana. Walikuwa wangapi? Kama watatu hivi. Mwalimu Yoramu alichora mlima kwenye kitambaa cha karatasi, akawathibitishia wote kisayansi kwamba kutoka kaskazini Mawenzi lazima iwe kushoto, na kwamba mringaringa huota popote penye udongo wa volkano. Watu tisa waliozaliwa chini ya mlima ule, waliouona kila asubuhi wakipiga mswaki, waliitikia kwa vichwa na kumpongeza mwenyekiti kwa ujasiri. Kufikia mwezi wa nane tembo walikuwa watano.

Salvina angeweza kuishi na hilo, kama isingekuwa gari. Mwenye kampuni moja ya utalii alikuwa amekipa chama gari kwa siku mbili, kwenda Ngorongoro. Wenye uwezo wangechangia mafuta na malazi, na nafasi moja ya bure ingekwenda kwa picha bora ya mwaka, itakayopigiwa kura kwenye maonyesho, katika ukumbi wa parokia. Kwa Mama Gladys nafasi ile ilikuwa heshima tu. Kwa Salvina ilikuwa njia pekee. Miaka miwili alikuwa akiazima kamera ya studio, na mbali zaidi aliyowahi kuipeleka ni kwenye kihamba, shamba la nyumbani la mama yake.

Huko kihambani alikuwa amepiga picha yake moja. Kuzumburu sita, wale ndege wadogo wa kijivu wenye mikia mirefu, wakiwa wamening'inia kwenye tawi moja asubuhi ya baridi, tumbo kwa tumbo, wakipeana joto, na mmoja amefumba macho. Aliwasubiri asubuhi kumi na moja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, katikati ya mibuni. Picha ilipopita mezani, Mzee Aristides aliishika sekunde mbili.

"Wezi wa mapera hawa," akasema. "Binti, hii mpelekee bwana shamba. Sisi hapa ni picha za ndege." Watu wakacheka, na albamu ikaendelea na safari yake.

Wiki moja kabla ya maonyesho mzee aliingia studio na negativu ya hondohondo, kile kipande cha mkanda, ndani ya bahasha. Salvina alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba akitazama dari.

"Nataka kubwa, ya kutundika," akasema. "Uisafishe kama ile ya kwanza. Kama ileile, binti. Unanielewa."

Basi mzee alijua kwamba ile ya kwanza ilikuwa imegeuzwa. Salvina alikuwa amemhurumia miezi miwili, akidhani labda mzee wa watu amechanganyikiwa tu na kosa lisilo lake, na usingizi ulikuwa umempotea yeye.

Peke yake chumba cha giza, aliishika negativu kwenye taa. Zipo namba ndogo pembeni mwa kila mkanda. Zikisomeka, picha iko sawa, zikisomeka kinyume, imegeuka. Hilo ndilo jambo la kwanza Bwana Shakiru alilomfundisha. Aliipachika namba zikisomeka kinyume. Akakaa. Aliwaza juu ya ile nafasi ya bure, na haitakuwa kweli kusema kwamba hakuiwaza. Aliwaza pia kuhusu wezi wa mapera. Kisha akaitoa, akaigeuza, namba zikasomeka, na akafanya kazi yake kama alivyofundishwa. Fremu aliifunga kwa gazeti, na kwa gazeti hilohilo ikafika ukumbini, mzee akiwa hajaifungua.

Picha ya mwenyekiti ilifunikwa kitambaa cheupe, kama kitu cha kubarikiwa, ili ifunuliwe mwisho. Ukumbi ulijaa. Mzee Aristides alikuwa amealika ukoo, na mstari wa mbele alikaa shemeji yake, Mama Justina wa Kibosho, mke wa kaka yake, katika kitenge kipya. Mzee alisimama akaelezea kwanza kabla ya kufunua. Alieleza mpaka, askari wa mbuga, kiu. Tembo walifika tisa, na mmoja alimsogelea hadi akasikia pumzi yake shingoni. Kisha akavuta kitambaa.

Kibo ilikuwa kushoto. Mawenzi ilikuwa kulia. Na kwa kuwa picha sasa ilikuwa kubwa kama meza, ule ukijani wa chini uliokuwa ukiitwa nyika ya Amboseli ulikuwa migomba, na kati ya migomba kulikuwa na kamba, na kwenye kamba shuka mbili na suruali ya mtu mzima.

Mama Justina aliinuka, akasogea karibu, akainamia fremu.

"Hee, shemeji," akasema kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mgeni. "Si ungeniambia tu, nikaanua nguo? Ona sasa, suruali ya kaka yako iko maonyesho."

Mtu wa nyuma alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, ikashindikana. Mwalimu Yoramu alisimama na kusema kwamba yapo maeneo kule Amboseli ambako, kijiografia, kutegemea na pembe, na Mama Justina akamuuliza kama mumewe naye yuko huko Amboseli kijiografia, maana asubuhi amemwacha akikamua ng'ombe. Mwalimu akakaa.

Mzee Aristides aligeuka kutoka kwa shemeji yake. Alimtafuta Salvina kwa macho, akampata mlangoni.

"Binti, umeigeuza picha yangu."

Mara hii sauti ya Salvina haikuchelewa, ingawa ilitoka ndogo.

"Hapana, baba. Ile ya kwanza ndiyo niliyoigeuza. Nilikosea, umeme ulikatika. Naomba unisamehe."

Alimaanisha kila neno. Lakini ukumbini hakuna aliyesikia radhi. Walichosikia ni kwamba msichana wa mlangoni, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza lolote, huzisoma negativu. Mama Gladys alitazama simba wake ukutani. Mwalimu Yoramu alitazama mapambazuko yake. Wanachama wengine nao wakakumbuka kila mmoja jambo lake, na ghafla ukumbi ule ukapenda kuzumburu kwa moyo mmoja.

Mama Gladys ndiye aliyependekeza. Alisema amekuwa akiitafakari picha ya Salvina tangu siku ile, kwamba ina utulivu, ina nini, ina ukweli. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na mikono ilipanda haraka kama ya watoto wanaoomba ruhusa kwenda chooni. Kura kumi, pamoja na ya mwenyekiti. Picha yenyewe ilikuwa nyuma ya mlango uliofunguliwa, na hakuna aliyekwenda kuufunga ili aione. Salvina alipewa mikono. Alisema asante mara kumi, ila alichokipata hakikufanana na alichokuwa akikitaka.

Ngorongoro walikwenda wanne na dereva: mwenyekiti, Mama Gladys, Mwalimu Yoramu na Salvina. Alikuwa amebeba mkanda mmoja tu wa picha thelathini na sita. Pale ukingoni, ambapo kreta yote hufunguka chini yako hadi mtu ukasahau kupumua, wenzake waliipa mgongo. Walitaka ushahidi. Mzee Aristides alisimama kwenye ubao wenye jina la hifadhi, mikono kiunoni, akamwomba Salvina ahakikishe ubao unasomeka wote. Halafu Mama Gladys na ubao. Halafu mwalimu na ubao, na gazeti la siku hiyo mkononi. Halafu wote watatu. Kila baada ya picha mzee aliuliza kama ameonekana, na Salvina alijibu kwamba ameonekana. Mkanda ulifika thelathini na tano.

Ndipo ndege ambaye hakumjua jina, mgongo wa kijani uking'aa kama mafuta, mdomo mwembamba uliopinda, alipotua kwenye ua jekundu nyuma ya bega la mwenyekiti.

"Sogeeni," akasema Salvina.

Walidhani anataka wakaribiane. Wakakaribiana, wakatabasamu.

"Nimesema sogeeni. Tokeni hapo mbele."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno kama hilo, sembuse mzee wa umri wa baba yake. Wakatoka, wote watatu, kwa haraka, Mama Gladys akishikilia kofia. Ndege alibaki akinywa ua. Salvina alibana pumzi, akabonyeza.

"Nimeonekana?" akauliza Mzee Aristides kutoka pembeni.

"Kiwiko, baba," akasema. "Kiwiko tu."