Macho ya Hortense

Bwana Lormeau alikuwa fundi wa kuwapendezesha matajiri wa Paris. Pua ndefu aliipunguza, kidevu cha pili alikificha kivulini, na mwenye picha akaondoka akiamini ndivyo Mungu alivyomuumba. Lakini mtu aliyekwisha kufa hakuwahi kumchora. Bibi Vauquelin alipomletea picha ya kamera iliyofifia ya Hortense, bintiye aliyefariki kwa kifua kikuu, akataka achorwe kama yu hai, Lormeau aliomba apatikane mtu wa kuvaa gauni la marehemu na kukaa mbele yake.

Akapelekwa mdogo mtu, Clémence. Nani tena?

Majira yote ya baridi Clémence alikaa kitini ndani ya hariri ya buluu, imebanwa pini mgongoni kwa kuwa dada alimzidi mwili. Tangu maziko, mama yake alimpita ukumbini kama anayepita kabati. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa. Ila uchungu wa huyu aliyebaki hai haukuwa na wa kuujua.

Siku ya kumaliza, Lormeau aliweka brashi chini, akajishika kichwa.

"Bi mdogo, nimeharibu. Ile picha ya kamera haina uhai, mkono wangu ukamfuata aliye mbele yangu. Huyu ni wewe."

Clémence akasogea. Kweli alikuwa yeye: nyusi zake, hata kidoa chini ya jicho, ambacho Hortense hakuwa nacho kabisa.

"Ngoja niukwangue uso, rangi bado mbichi."

"Usikwangue!" Clémence akamshika mkono. "Mwache mama aone."

"Utaninyima mkate, mtoto wewe!"

"Nakuomba, bwana. Hajanitazama usoni tangu tumzike Hortense. Hapo itambidi anitazame."

Kesho yake Bibi Vauquelin akaja, akainua utaji wake mweusi, akasimama mbele ya picha.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu mzuri!"

Clémence, aliyevaa tena lile gauni la buluu, akapiga hatua, mikono keshainyoosha.

"Hortense wangu! Bwana Lormeau, umenirudishia mwanangu. Macho yake yale yale!" Kisha akamgeukia Clémence, akitabasamu huku machozi yanamtiririka. "Unaona, Clémence? Huo ndio uso. Laiti ungejaliwa hata nusu yake."

Lormeau akafungua kinywa. Clémence akamtikisia kichwa anyamaze. Alikuwa amesahau jinsi mama yake anavyotabasamu, na hakuwa na roho ya kumpokonya tabasamu lile, hata kama si lake.

"Naona, mama," alisema. "Ndiye hasa."

Bibi Vauquelin akarudi kwa mchoraji, wakaanza kushauriana picha itundikwe ukuta gani. Clémence akaenda nyuma ya pazia kubadili nguo, na huko akalia, ameuma mkono wake ili asisikike.