Winchi Awapiga Wabolivia

Jumamosi ile meza ya chakula ilikuwa jangwa. Msusi alikuwa ametandika kitambaa cha rangi ya mchanga, akapanga vilima vya maboksi, kisha askari wa bati wasiozidi kidole gumba. Vita vyenyewe vilipiganwa Amerika Kusini katika karne ya kumi na tisa: Chile upande huu, Peru na Bolivia wameungana upande ule. Kaka yake ndiye aliyevichimbua vitabuni na kutunga kanuni za mchezo. Msusi alipaka makoti rangi.

Kaka alikuwa dereva wa winchi kwenye ujenzi wa maghorofa, na hata mama yao alimwita Winchi. Siku zote alichukua Peru na Bolivia. "Labda safari hii watapona," alizoea kusema.

Akarusha dadu, akaisogeza mizinga ya Peru, akaielekeza kwenye makoti mekundu.

"Moto!"

Msusi akacheka. "Kaka, hao Wabolivia. Ni wenzako."

"Wenzangu? Tangu lini?"

Winchi ni mtu wa masihara, kwa hiyo Msusi akasubiri amtolee ulimi. Wapi! Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa dadu bila kuzishika. Kicheko kikamkauka Msusi mdomoni.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu, tangu niteleze kwenye ngazi. Acha niende, zamu inaanza."

Akilini Msusi aliwaona mafundi chini ya winchi wakipita na kofia zao za plastiki, shehena ya matofali ikining'inia juu yao. Akasimama mlangoni.

"Hutoki."

"Nipishe, mdogo wangu. Unataka nifukuzwe?"

"Bora ufukuzwe! Umewapiga watu wako mwenyewe!"

"Vidude vya bati!"

"Kanuni ulitunga wewe!"

Hakuwahi kumpandishia kaka yake sauti. Akampigia simu msimamizi palepale, akasema Winchi anaumwa. Njia nzima hadi hospitali kaka alinuna. Kwenye benchi Msusi alijing'ata kucha: je, ikiwa si kitu, nami nimemharibia kazi?

Daktari alitoka haraka mno. Damu ilikuwa imevilia ndani ya fuvu, ikiukandamiza ubongo. "Angepanda juu leo, sijui tungeongea nini," alisema, na jioni hiyohiyo wakampasua.

Alipona, ila mtu mwingine alipewa kuiendesha winchi, na kaka akabaki chini akimwelekeza kwa ishara za mikono. Hilo lilimuuma. Kwa wiki kadhaa alimjibu dada yake kwa mkato.

Halafu siku moja aliingia saluni kwa Msusi, akajitupa kwenye kiti cha wateja, upande mmoja wa kichwa una kovu na vinywele vifupi.

"Nyoa na huku zifanane. Naonekana kama shamba lililolimwa nusu."

Msusi akaishika mashine, akairudisha mezani. Akaligusa kovu kwanza kwa ncha ya kidole.

"Taratibu," alisema Winchi. "Leo sina haraka."