Kiti Kisichoguswa

Mimi nimeshona suruali za jinzi katika kiwanda cha hapa mjini Itagüí miaka thelathini na moja, na shingo yangu ndiyo shahidi: haigeuki kushoto. Kwa hiyo binti yangu Marisela aliposhindwa kushika kikombe cha aguapanela, maji yetu ya moto ya sukari guru, kwa mkono wa kulia, sikuhitaji kuambiwa.

"Vidole vimekufa ganzi, eeh?"

"Uchovu tu, mama."

"Uchovu! Nenda kamdanganye asiyekuzaa."

Ndipo akalia. Marisela ni daktari mpasuaji. Mkononi hashiki kisu. Anaketi pembeni ya chumba, uso ndani ya kioo cha kutazamia, miguu kwenye pedali, na vidole vyake vinaiongoza roboti inayompasua mgonjwa. Mara ya mwisho mkono ulikufa ganzi katikati ya kazi, akaomba kupumzika. Mkuu wake, Daktari Arbeláez, akamwambia mbele za watu kwamba mwili wake haukuumbiwa mashine ile. Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuwa na mgonjwa wa figo, kazi ya masaa matano. Akikwama tena, mashine anapewa mwingine.

Jumamosi hospitali ikawakaribisha jamaa za madaktari waje kuiona roboti. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda. Marisela akaketi atuonyeshe. Jamani! Mabega yamepanda masikioni, shingo imevutwa juu, vidole vya miguu vinaitafuta pedali.

"Nani kakuweka hivyo?" nikasema, tena kwa sauti.

"Mama, tafadhali! Hivyo ndivyo anavyokaa mkuu. Hakuna anayegusa kiti chake."

Yaani wanaumia kwa heshima! Kiwandani kwetu msichana mpya hapewi hata uzi kabla hajajua kupanga kiti chake.

"Bibi," Arbeláez akacheka, "hii si cherehani."

"Naona, daktari. Ingekuwa cherehani, mwanangu angekuwa ameketi vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Nikamuuliza muuguzi aliyesimama pale kama vitu vile vinasogea. Vinasogea kwa kitufe! Kitufe tu, na mtoto wangu anateseka! Tukashusha kioo, tukashusha pa kuegemeza mikono, tukavuta pedali karibu, mpaka mabega yake yakatulia.

"Na kila nusu saa utoe kichwa humo, unyooshe shingo," nikamwambia. "Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Alhamisi aliingia saa mbili asubuhi. Saa saba mchana akanipigia simu nikiwa kazini.

"Mama, tumemaliza. Mgonjwa salama. Mkono wangu mzima, mama, mzima kabisa!"

Nilipiga ukelele mpaka cherehani zote zikasimama. "Ni mwanangu huyo!" nikawaambia. "Kutoka tumbo hili hili!"

"Mama, subiri," akasema, sasa akinong'ona. "Mkuu anaomba uje Jumatatu. Anasema kile kiti hakukipanga yeye. Ndivyo mashine ilivyoletwa, akaona haya kuuliza. Vidole vyake vina ganzi mwaka wa tatu huu."